Kutoka Menengai Hadi Ufuoni: Mwongozo wa Kupiga Picha za Mandhari na Watu Magharibi mwa Kenya

Asubuhi yangu ya kwanza ya kazi Kisumu niliiharibu mwenyewe kabla sijatoka chumbani. Nililala hoteli yenye AC, nikaiwasha hadi mwisho kwa ajili ya joto na mbu, kamera ikiwa mezani chini ya ule upepo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikaibeba, nikapanda tuk-tuk hadi Dunga, ufuo wa wavuvi kwenye Ziwa Victoria. Nilipotoa kifuniko cha lenzi, kioo kilikuwa cheupe kama dirisha la matatu iliyojaa watu siku ya mvua. Nikafuta kwa ncha ya fulana, kikajaa tena. Nikafuta tena. Boti zikaingia, jua likatoka, samaki wakashushwa, watu wakaenda zao, na mimi bado nafuta. Picha nilizorudi nazo zina ukungu ambao ziwani haukuwepo.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliniangalia kwa muda, kisha akauliza bila kuacha sindano yake: "Kijana, hiyo mashine umeitoa friji?"

Alikuwa ameelewa jambo lile kunishinda. Tangu siku hiyo huwa nauliza wenyeji kwanza, ndipo nifungue programu ya hali ya hewa kwenye simu. Mtu anayeishi na hewa fulani ameshaipangia siku yake yote. Mvuvi anajua ziwa hutulia saa ngapi, na mchuna chai anajua mvua itamfukuza shambani saa ngapi. Ukifuata saa zao unapata mwanga mzuri na watu wakiwa kazini kwa wakati mmoja. Ukifuata zako utapata kimoja, na mara nyingi utakosa vyote viwili.

Njia ninayoieleza hapa ni Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega. Kwa barabara haizidi kilomita 250, lakini ndani yake unapanda na kushuka kama mtu anayetafuta kitu darini. Nakuru mjini ni mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, ukingo wa Menengai, lile shimo la volkano juu ya mji, unafika 2,278, Mau Summit ni zaidi ya 2,400, kisha unateremka hadi Kisumu, mita kama 1,130. Baridi yenye vumbi, ukungu wenye mvua ya mawe, joto lenye unyevu, na giza la msitu, yote ndani ya siku nne au tano.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha uliza maswali mawili

Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu na watu wengi huichagua. Mimi siipendi sana. Vumbi la Nakuru huwa limepanda hewani kiasi kwamba ukisimama Menengai, Ziwa Nakuru unaliona kama limefunikwa na neti. Machi hadi Mei ni mvua kubwa, na Aprili unaweza kukaa Kakamega siku tatu ukipiga picha za matone kwenye dirisha la gesti. Chaguo langu ni Novemba. Mvua fupi inaosha hewa, mawingu yana umbo, na baina ya mvua na mvua mwanga unakuwa safi.

Jua la huku lina tabia yake. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu, kwa hivyo mwaka mzima jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro, likitofautiana kwa nusu saa hivi tu. Na linashuka wima, kama ndoo kisimani. Ile saa nzima ya mwanga wa dhahabu inayosifiwa kwenye mafunzo ya Ulaya hapa haipo. Baada ya jua kuzama una dakika ishirini hivi kabla ya giza. Kwa hivyo fika mapema, chagua mahali pa kusimama kukiwa bado kweupe, na usianze kutafuta jiwe la kukalia wakati anga limeshawaka.

Wiki moja kabla ya safari piga simu. Kama humjui mtu, muulize mwenye gesti akuunganishe na mtu wa kazi unayotaka kuipiga picha. Maswali ni mawili: kazi inaanza saa ngapi, na ni nini huisimamisha? La pili ndilo lenye faida zaidi. Nilipomuuliza mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, hakunitajia mvua wala upepo. Alisema mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, basi boti hupumzika. Tena kuna kipindi cha kufunga uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai. Mtu akifunga safari kutoka Nairobi siku ya mbalamwezi, au mwezi wa Mei, kuja kutafuta zile taa zinazoelea ziwani kama mji mwingine, atapiga picha za maji matupu.

Hatua ya 2: Begi

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu watu hupenda sana kuzungumzia vifaa. Kamera moja, lenzi moja ya kati kama milimita 24-70, moja ndefu ya kufika angalau 300 kwa ndege na wanyama, na kama unayo, 35 au 50 yenye uwazi mkubwa, yaani tundu pana la kupitisha mwanga, kwa msituni na ndani ya nyumba. Simu nzuri itakufanyia nusu ya kazi hii, usione aibu.

Vitu vidogo ndivyo vitakavyokuokoa. Beba kontena la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, kubwa la kutosha kamera na lenzi yake. Ndani yake weka vile vijipakiti vyenye punje vinavyokuja kwenye viatu vipya; hunyonya unyevu. Usitegemee kupata mfuko wa nailoni dukani: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga za taifa. Ongeza kofia ya kuogea ya hotelini, ambayo inakaa juu ya kamera vizuri kuliko vifuniko vingi vya bei kali. Kipulizo cha mpira. Vitambaa viwili vya kufutia, kimoja cha kioo na kingine cha mwili wa kamera, wala visikutane. Na soksi nene iliyojazwa maharagwe nusu kilo, mdomo umeshonwa. Nitaeleza kazi yake, na mwisho wa safari unaweza kuyapika.

Hatua ya 3: Nakuru, baridi na vumbi

Menengai panda ukingoni kabla ya jua, na usiende peke yako. Chukua bodaboda au teksi unayoifahamu, umwambie akusubiri. Baridi ya saa kumi na mbili kule juu inang'ata, na betri iliyozeeka hukata ghafla. Weka ya akiba mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Usiitupe ile iliyokata. Ipashe joto kwapani na mara nyingi itakupa picha nyingine ishirini. Kama una mpango wa kuendelea hadi Mlima Elgon, wenye mita 4,321, hili si la hiari.

Shida ya Menengai ni ukubwa. Shimo lina upana wa kilomita kama 12 kwa 8, lakini kwenye picha linageuka kuwa bonde la kawaida lenye vichaka. Jicho linahitaji kipimo. Msubiri mtu apite ukingoni, mchungaji au hata dereva wako, umweke mdogo kabisa pembeni mwa picha. Ukitazama kaskazini kuelekea ndani ya shimo, jua linatokea kuliani kwako na kwa nusu saa ya kwanza linaipapasa ile miamba ya lava iliyoganda, kila mkunjo unatoa kivuli. Ikifika saa tatu yote yamekuwa bapa. Mvuke unaotoka chini ni wa joto la ardhini. Wazee wana hadithi kwamba ni roho za wapiganaji wa Kimaasai waliotupwa humo. Asubuhi yenye baridi ndiyo huuonyesha vizuri, ukiwa na mwanga nyuma yake.

Vumbi la hapa lina asili ya volkano, na punje zake hukwaruza. Ukiona vumbi kwenye lenzi, kwanza puliza, geuza kamera uso chini, puliza tena, ndipo uguse kwa kitambaa. Upepo huanza kuchota vumbi mchana, kwa hivyo badilisha lenzi asubuhi au ndani ya gari madirisha yamefungwa. Mimi huchagua lenzi moja na kukaa nayo mpaka jioni, hata kama inaniumiza.

Ziwa Nakuru sasa si lile la kwenye kalenda za zamani. Maji yamepanda sana kwa miaka zaidi ya kumi, yakameza barabara na lile lango kuu la awali. Maji yakiongezeka chumvi hupungua, na mwani unaoliwa na heroe (flamingo) hupungua nao, basi ndege wengi wamehamia kwingine, hasa Bogoria. Ukija na picha ya bahari ya waridi kichwani utarudi na huzuni. Lakini migunga iliyokufa imesimama majini, myeupe kama mifupa, na mwari wanatua juu yake. Kwangu hiyo ndiyo picha ya Nakuru ya leo. Ipige asubuhi kabla upepo haujavunja kioo cha maji, na ujaribu bila rangi.

Mbugani hushuki garini ila sehemu zilizoruhusiwa. Hapo ndipo maharagwe yanapofanya kazi. Teremsha kioo, laza ile soksi juu ya ukingo wa dirisha, weka lenzi ndefu juu yake, mwambie dereva azime injini kabisa. Injini ikinguruma tu, kifaru wako atatoka na kingo mbili. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, hufanywa mtandaoni kupitia eCitizen, yafanye jana yake.

Hatua ya 4: Kericho, ukungu

Saa nane mchana hapa ni saa ya mvua. Nyanda za Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na zile punje huangukia chai kama mtu anayetwanga. Kwa hivyo kazi yako imalizike saa saba. Habari njema ni kwamba wachuna chai nao wamepanga hivyo hivyo. Wanaingia shambani asubuhi ukungu bado umelala juu ya majani, na jua linapopenya ndipo unapoona mstari wa vichwa na vikapu ukielea juu ya kijani.

Kamera haielewi ukungu. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na unapata picha ya kijivu kama maji ya kuoshea sufuria. Tafuta kitufe cha + na −, ongeza theluthi mbili hadi moja kamili. Majani ya chai yana nta, yanang'aa. Filta ya polaraiza ikizungushwa taratibu inaondoa ule mng'ao na kijani kinarudi. Inakula nusu ya mwanga au zaidi, kwa hivyo angalia kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kama kuna mikono inayofanya kazi. Mikono ya mchuna chai ina mwendo kuliko unavyofikiri.

Mashamba makubwa ni mali ya kampuni, na barabara inayopita katikati yake haikupi ruhusa ya kuingia. Tena mashine za kuchuna majani zimezua migogoro ya ajira huku, kwa hivyo mgeni mwenye kamera ndefu hudhaniwa ametumwa na upande fulani. Mimi huenda kwa wakulima wadogo. Simama kwenye kituo cha kununulia majani, salimia "Chamgei", jitambulishe, sema picha ni za nini. Atakayejibu kwa maneno mengi ndiye atakayekupeleka shambani kwake.

Picha yangu bora ya Kericho niliipiga nikiwa nimeshindwa. Mawe yalitukuta saa nane kasoro, tukakimbilia chini ya mabati ya kituo, watu kumi na wanne na magunia ya majani. Kelele ilikuwa hatusikiani. Mama mmoja akatoa chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akashika kwa mikono yote miwili, na vidole vyake vilikuwa vimepakwa weusi wa utomvu hadi kwenye kucha. Mwanga ulikuwa unaingia upande mmoja tu, ule wa wazi. Nikamwonyesha kamera kwa ishara, akainua nyusi: sawa. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, tundu la lenzi f/2.8, shata 1/125. Mvua ilipokatika kila mtu alitoka kuhesabu hasara yake na hapakuwa na cha kupiga tena.

Hatua ya 5: Kisumu, maji ya hewani

Turudi kwenye ule ukungu wangu wa Dunga. Hewa ya Kisumu imebeba maji mengi. Ikigusa kioo baridi, maji hayo yanageuka umande juu yake, kama chupa ya soda iliyotoka friji. Ukifuta, unafuta wa nje tu. Kioo bado ni baridi, umande unarudi, na ndani ya lenzi huwezi kufika. Dawa ni hii. Usiku, kamera iingie kwenye kontena ukifunga kifuniko kwa nguvu. Asubuhi litoe nje likiwa limefungwa, liache barazani au kwenye begi nusu saa hadi dakika arobaini na tano. Umande utajikusanya juu ya kontena. Kamera ikishapata joto la nje ndipo ufungue. Au fanya kama ninavyofanya sasa: lala chumba chenye feni, na neti nzuri.

Ukikaa kanda hii wiki kadhaa, ogopa pia kuvu. Unaanza kama utando wa buibui kwenye pembe ya kioo, ndani, na fundi atakutoza hela nyingi kuutoa, akiweza. Lenzi isikae ndani ya begi la turubai lililolowa jasho. Mwisho wa siku begi lote lianikwe.

Ziwani, asubuhi ni tulivu. Kadiri nchi kavu inavyopata joto ndivyo upepo unavyovutwa kutoka ziwani kuja pwani, na alasiri mawimbi yanasimama. Upepo huo huo ndio unaosukuma gugumaji. Leo limejaa Dunga hadi boti hazitoki, kesho limehamia upande mwingine, na picha uliyoipanga imefunikwa na zulia la kijani. Usigombane nalo. Ukiwa juu kidogo, kwenye ile njia ya mbao inayopita kwenye mafunjo, boti inayojipasulia njia katikati ya gugu inachora mstari mmoja mweusi ambao hata mchoraji angeuonea wivu.

Kila ufuo una BMU, kamati ya wavuvi yenye ofisi, hata kama ofisi ni banda. Anza hapo. Sema nia yako, uliza ada kama ipo, upewe mtu wa kuandamana nawe. Ukikodi boti patana bei kabla ya kukanyaga ndani, vaa jaketi la kuokolea na usikubali kuambiwa kwamba si lazima. Nahodha akisema turudi, rudi. Dhoruba za ziwa hili hupanda haraka, na ukiwa majini wewe na tripodi yako ndio mnara mrefu kuliko vyote mbele ya radi.

Sehemu kadhaa huwa sizigusi: bandari, uwanja wa ndege, vizuizi vya polisi na kambi. Kamera itachukuliwa na siku yako itaishia benchi. Droni nayo inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na mbugani ruhusa ya KWS juu yake.

Hatua ya 6: Watu

Nitakaa hapa kidogo, maana kosa la mandhari linasameheka.

Kwenye ufuo mmoja upande wa Asembo nilimkuta mama akianika omena. Alikuwa ametandaza nyavu kuukuu chini, omena wametapakaa juu yake kama sarafu za fedha, na anawageuza kwa kiganja kilicho wazi, akipitisha mkono kwa nusu duara, bila haraka. Jua lilikuwa chini, kila samaki alikuwa na kivuli chake. Nilitamani kuinua kamera papo hapo. Nikamsalimia: "Oyawore, mama." Akajibu "Oyawore ahinya", akaendelea. Nikachuchumaa. Nikauliza bei ya gorogoro, kile kipimo cha kopo. Tukazungumza kuhusu mvua, na namna wingu moja tu linavyoweza kuozesha kazi ya usiku mzima, maana omena wakilowa wakati wa kukauka huharibika, na huishia kuwa chakula cha kuku. Baada ya dakika ishirini nikaomba kumpiga picha.

"La," alisema. "Na hii leso? Nyathina, mwanangu, unataka watu waseme sina nguo?"

Nikasema sawa. Nikanunua gorogoro moja, nikakaa. Akamaliza safu, akaingia nyumbani, akatoka na leso nyingine ya manjano, akarudi kugeuza omena bila kunitazama. "Haya, piga. Jua linapanda."

Ile leso ya kwanza ilikuwa imepauka vizuri sana, rangi ya ziwa. Kama mpigapicha niliililia. Lakini uso ni wake.

Kutoka hapo nina taratibu chache. Salamu kwa lugha ya mahali: Oyawore ziwani, Mulembe kwa Waluhya, Chamgei Kericho. Kamera ibaki begani mpaka mtu aone kwamba unayo, awe na nafasi ya kuamua. Nikipewa ruhusa, namwomba aendelee na kazi. Mtu anayefanya anachokijua huacha kujali. Mtoto, hapana, mpaka mzazi au mlezi aseme ndiyo, hata akikimbilia lenzi akicheka. Mambo ya fedha: sokoni silipi picha, nanunua bidhaa kwa bei isiyobishaniwa. Lakini nikimwambia mtu asimame hapa, geuka, rudia, nimemwajiri, na namlipa muda wake. Kama picha itauzwa au kutangaza kitu, apewe karatasi ya kutia sahihi, asomewe kwa lugha anayoielewa.

Mahali pa ibada pana sheria yake. Kit Mikayi, yale majabali yaliyopandana kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, watu huenda kusali, wengine kufunga kwa siku kadhaa. Piga majabali. Anayesali mwache na Mungu wake. Vivyo hivyo tohara ya Wabukusu kule Bungoma, Agosti ya miaka shufwa kama 2026: mbio, njuga na nyimbo za barabarani ni za wote, ila uani huingii bila kualikwa na wenye mji.

Sasa mwanga wa uso. Kamera hutaka kila kitu kiwe cha wastani. Ukijaza picha kwa uso mweusi inaongeza mwanga, na ngozi inatoka kijivu, haina uhai. Punguza theluthi mbili. Uso huo huo ukiwa mbele ya ziwa linalometa, kamera inatazama maji na kumwacha mtu kama kivuli. Ongeza moja au moja na nusu. Kama kamera yako ina kipimo cha nukta, kielekeze shavuni. Ngozi yetu inapendeza inapopokea mng'ao kutoka upande, kwa hivyo tafuta chanzo kikubwa na laini kuliko kikali.

Adhuhuri ya Kisumu jua linasimama utosini na macho yanageuka mashimo. Usipige nje. Mwombe mtu asogee chini ya mabati au mwembe, hatua moja tu ndani ya kivuli, uso ukitazama nje kwenye mwanga. Ardhi ya mchanga itamulika kutoka chini. Kama ni nyeusi, laza gunia jeupe la unga miguuni pake, ulione tofauti machoni. Gunia hilo limenifanyia kazi kuliko taa niliyoinunua kwa mkopo.

Hatua ya 7: Kakamega, gizani

Msitu wa Kakamega ni masalia ya msitu wa mvua wa Kiafrika uliotanda hadi Kongo. Upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya KWS. Kusini, Isecheno, chini ya shirika la misitu, KFS. Chukua mwongozaji wa hapo. Wao huanza saa kumi na mbili kwa sababu ya ndege, na alasiri mvua hunyesha karibu kila siku wakati wa msimu wa mvua.

Ndani kuna giza kuliko macho yanavyokuambia. Pandisha ISO hadi 3200 bila kuogopa chenga. Picha yenye chenga inatazamika, iliyotikisika haitazamiki. Mbega wakiwa juu, anga nyeupe nyuma yao itakudanganya kama ziwa lilivyofanya, ongeza mwanga hadi manyoya meusi yaonyeshe unyoya. Watu nao hutoka na uso wa kijani kutokana na majani. Weka mpangilio wa rangi wa kamera (white balance) kwenye kivuli, au piga RAW, faili ghafi lisilochakatwa, urekebishe jioni. Kwa mandhari panda kilima cha Lirhanda kabla ya saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia vilele vya miti.

Hatua ya 8: Jioni

Nakili picha mara mbili, kwenye diski mbili zinazolala mifuko tofauti. Usifute kadi hadi ufike nyumbani. Andika majina usiku huo huo, jinsi mtu alivyoyatamka, na namba ya simu kama alikupa. Ndani ya siku mbili utawachanganya wote.

Kisha chapisha. Studio yoyote ya mjini itakutolea picha za ukubwa wa postikadi kwa hela ya chai. Kuahidi "nitakutumia WhatsApp" ni rahisi, na watu wameshachoka kuahidiwa.

Mimi nilirudi Asembo mwezi wa Mei. Boti zilikuwa zimepinduliwa mchangani, nyavu hazipo, ufuo umetulia kama shule wakati wa likizo. Mama alinitambua kwa begi. Akaifuta mikono kwanza, akaichukua picha kwa kingo zake, akaitazama kwa muda, leso ya manjano, kiganja, jua. Akamwita jirani. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya chini.

"Hawa omena hawaonekani vizuri."

Nikakubali. Nilikuwa nimeacha uwazi mkubwa kwenye lenzi, mbele yote ikafifia.

"Basi njoo Agosti, kukifunguliwa," akasema, akaiingiza picha katikati ya kitabu cha nyimbo, mahali pakavu. "Na uje mapema. Ile siku ulichelewa."